Ukiachia mafuta mshale wa RPM haushuki: wenye gari za gia za mkono tupeane uzoefu

Mleta uzi, Morogoro: Wakuu, jana nimempeleka mama Kihonda, kila nikibadili gia anashika dashibodi na kuuliza, "Mwanangu, mbona inaruka?" Gari ni Corolla 110, injini 5A. Nikikanyaga klachi kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unabaki 2,500 kana kwamba mguu bado uko kwenye mafuta. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndiyo unaanza kuteremka. Nikiachia klachi mapema gari inaruka mbele, nikisubiri wa nyuma wananipigia honi. Fundi wa kwanza alibadili plagi. Wa pili akashusha sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, kwa skrubu, sasa inazima kwenye foleni na mshale bado haushuki. Aliyepitia hili aseme alikuta nini.

Wa Tanga: Hiyo ya kuzima foleni baada ya kuchezea skrubu na mimi ilinikuta vilevile. Nafuatilia.

Dada wa Tabata: Umenikumbusha mbali. Mimi fundi aliniambia mbele ya watu kwamba gari ni zima, ila "dada hajui klachi". Nilikuwa na miaka kumi na moja barabarani! Nikanunua klachi nzima, sahani na presha, ikafungwa, tatizo likabaki palepale. Iliniuma sana, maana ile ilikuwa hela ya ada. Baadaye kijana mmoja akaiacha injini ikiunguruma, akachukua chupa ya kupulizia maji na kuanza kunyunyiza kidogo kidogo kwenye mipira ya hewa. Alipofika ule mpira mnene unaokwenda kwenye buster ya breki, kile kifaa cha kulainisha pedeli ya breki, mlio ukabadilika. Ulikuwa umechanika upande wa chini, pasipoonekana. Hewa ilikuwa inaingia bila kupita kwenye troto, yaani mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, kwa hiyo hata ukiachia mafuta injini inaendelea kupumua.

Fundi, Ilala: Dada kaeleza vizuri. Na kwenye hizo 5A kompyuta inasoma presha ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, hewa ya wizi ikiingia inaongeza na petroli. Ndiyo maana mshale unaning'inia.

Wa Arusha: Maji ya nini? Pulizia kabureta klina, dawa ya kusafishia kabureta, unapata jibu papo hapo.

Fundi, Ilala: Kabureta klina kwenye injini ya moto, waya za plagi zimezeeka, cheche moja tu na gari imewaka. Usimfundishe mtu hivyo.

Wa Arusha: Miaka yote natumia na sijaunguza gari ya mtu.

Dereva, Iringa: Naomba mnisikilize, hili si suala la kuruka tu. Nilikuwa na Hilux ya petroli, dalili hizo hizo, nikazizoea karibu mwezi mzima. Siku hiyo nimetoka Ilula na mzigo wa nyanya, naanza kushuka mlima Kitonga wenye kona kali. Niko gia ya pili nikitegemea injini inishikilie. Nikaachia mafuta, mshale haukushuka kabisa. Gari inasukuma! Nikakanyaga breki, ikapunguza kidogo. Nikaachia, nikakanyaga tena, na tena. Kila mara pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, harufu ya breki imejaa ndani, mbele yangu kuna lori la mafuta. Nikakanyaga klachi, injini ikapiga kelele nikadhani inapasuka, lakini msukumo ukakatika. Nikaikandamiza breki kwa miguu yote miwili na kuilaza gari upande wa mlima. Iliposimama nikazima. Nilikaa chini pale barabarani, miguu haina nguvu. Kumbe kebo ya mafuta ilikuwa imekatika nyuzi ndani ya ganda lake, zile nyuzi zinakwaruza na kuizuia isirudi. Mwezi mzima ilikuwa inaniambia.

Wa Tanga: Mungu mkubwa kaka.

Wa Mbeya: Pole sana. Ila si ungezima swichi tu mwanzoni?

Dereva, Iringa: Kwenye kona za Kitonga uzime swichi, usukani uwe mzito, na mkono ukitetemeka ufunguo ufike kwenye kufunga usukani kabisa? Hapana ndugu yangu.

Wa Mbeya: Kuzima hatua moja hakufungi usukani.

Fundi, Ilala: Klachi kwanza, breki moja nzito bila kupampu, kuzima ni mwisho. Troto ikiwa wazi buster haipati vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa wa injini unaoisaidia breki, kila ukipampu unamaliza akiba iliyobaki.

Mie, Unguja: Yangu mie ilikuwa zulia la chini limekwea juu ya pedeli. Tazameni na hapo.

Wa Nakuru: Huku kwetu nina Subaru ya manual, troto ni ya umeme, haina kebo. Makanika alipima kwa mashine, hakuna kosa. Akaniambia zimepangwa hivyo kiwandani, troto inafungwa polepole ili moshi usiwe mchafu. Nimejifunza kuachia mafuta mapema kidogo kabla ya klachi.

Wa Arusha: Angalia na maji ya rejeta. Kwenye baadhi ya Toyota za zamani vali ya sailensi inapitiwa na maji ya moto, yakipungua inadhani injini bado ni ya baridi.

Mleta uzi, Morogoro: Wakuu, nimerudi kutoka gereji. Kaka wa Iringa, kebo ndiyo nimeanza nayo, sikulala vizuri jana. Iko nzima, ila ilikuwa imekazwa bila hata chembe ya kulegea, tumeilegeza. Kisha maji ya dada wa Tabata: buster safi, lakini kiwiko cha mpira kinachotoka kwenye kava ya juu kwenda manifoldi kimepasuka chini. Nimepata kingine, skrubu tumeirudisha. Sasa nikikanyaga klachi mshale unashuka na gia inaingia laini. Mama nitampitia Jumapili.

Wa Dodoma: Hicho kiwiko umekipata wapi mkuu? Yangu nayo ni 5A.