Shoga yangu Mkristo anaolewa, naombeni ushauri

Asalaam alaykum, na wasio Waislamu habarini. Shoga yangu ni Mkristo, tuko mlango kwa mlango Kikwajuni tangu skuli. Ramadhani hali mbele yetu hata tukimwambia ale, na futari ya kwetu haimpiti. Muhogo wa nazi anaupenda kuliko sisi wenyewe! Sasa anaolewa Minara Miwili, lile kanisa Katoliki la Mji Mkongwe, na anataka nimsimamie mbele ya padri. Kumtia hina na piko, kuwapikia wageni biriani, kwenda karamuni, kote nimo. Ila kusimama kwenye ibada moyo unasita, na mama kakataa kabisa. Nimwambieje asione namkimbia? Aliyewahi kufikwa na hili alilimalizaje? Na msinijibu "achana naye", hilo sitaki kulisikia.