Platipasi kwenye kikundi cha familia

Shangazi Mwajuma: Jamani, hiyo video ya mnyama mwenye mdomo wa bata anayetaga mayai msiisambaze. Imetengenezwa na kompyuta.

Rama: Shikamoo shangazi. Yupo kweli, anaitwa platipasi.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Mnyama wa manyoya atage mayai?

Neema: Shikamooni wakubwa. Rama yuko sahihi. Anaishi kwenye mito ya mashariki mwa Australia na kisiwani Tasmania. Shangazi, hata George Shaw, Mwingereza aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1799, alipoletewa ngozi yake alishuku kuna mtu kafanya ujanja.

Baba Tunu: Kwa hiyo ni nusu ndege?

Neema: Hapana kaka, ni mamalia kamili. Mdomo unafanana na wa bata kwa umbo tu, wake ni laini na una hisi kali mno. Akizamia anafumba macho, masikio na pua. Hapo mdomo ndio unaowinda: unanasa umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kamba na wadudu waliojificha topeni. Mimi hapo ndipo aliponiteka kabisa.

Mama Tunu: Na mtoto ananyonyaje?

Neema: Wifi, mama hana chuchu. Maziwa yanachuruzika kwenye ngozi ya tumbo, watoto wanayafyonza kwenye manyoya. Kwa kawaida anataga mayai mawili, ndani ya shimo alilochimba ukingoni mwa mto, anayalalia kama siku 10 akiwa amejikunja, mkia umeyabana tumboni. Kitoto kinatoka hakina manyoya, hakioni, ukubwa wa punje ya haragwe. Kitanyonya miezi mitatu na zaidi.

Rama: Wazungu walikuja kukubali lini kwamba anataga?

Neema: 1884. William Caldwell, mtaalamu wa wanyama, akisaidiwa na wenyeji wa Australia kuwatafuta, alituma telegramu kwamba amethibitisha.

Mjomba Hamisi: Mimi nimesikia aking'ata mtu anakufa papo hapo.

Neema: Mjomba, hang'ati mtu kwa sumu, na akishakua hana hata meno. Sumu iko kwa dume peke yake, kwenye mwiba wa kifundo cha mguu wa nyuma. Inazidi msimu wa kupandana, madume wanapogombana. Hakuna mtu anayejulikana kufa kwa sumu hiyo. Ila mkono unavimba, na hata mofini, ile dawa kali ya maumivu, haiyatulizi vizuri.

Mama Tunu: Tunu anauliza kama anafugwa.

Neema: Mwambie hapana, sheria ya kwao inamlinda. Tena anapata taabu ya kutosha, mito ikikauka na mabwawa yakijengwa. Kinachoniuma zaidi ni mitego ya kunasia kamba wa mtoni, ile iliyofunikwa juu. Anapumua hewa kama sisi, baada ya dakika moja au mbili lazima aibuke. Akiingia humo hatoki, anakufa maji.

Shangazi Mwajuma: Maskini! Hawaizuii?

Neema: Jimbo la Victoria waliipiga marufuku 2019, shangazi. Ipo mingine iliyo wazi juu, kamba wanabaki, yeye anatoka.