Kamera ya kupitia nyaya za umeme, waifai, Cat6 (kebo ya mtandao) au ya laini ya simu: ipi itafaa nyumbani kwa mama, Rau?

MamaVifaranga

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela.

Mama yangu anaishi Rau, Moshi, ana miaka 74. Mimi nafanya kazi Arusha, nashuka Jumamosi kwa Jumamosi. Nyuma ya nyumba kuna banda la kuku wa mayai. Kutoka ukuta wa jikoni hadi mlango wa banda nimepima kwa futi kamba, ni mita 38, na hapo katikati ni bustani. Mbele hadi getini ni mita 24 na kote kumelazwa pevingi. Mwezi uliopita waliingia usiku kwa upande wa banda wakabeba kuku kumi na tisa na pampu ya maji. Mama aliwasikia mbwa, hakutoka, na alifanya vizuri kutotoka. Ila tangu siku hiyo halali. Ananipigia saa nane usiku kuniuliza nifanye nini, na mimi niko Sakina, nitafanya nini?

Ninachotaka: kamera moja bandani, moja getini, nizione kwenye simu nikiwa Arusha na mama azione kwenye runinga. Ruta ipo sebuleni. Sitaki kuvunja pevingi. Fundi mmoja kanishauri zile adapta za kuchomeka kwenye soketi, zinazopitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme zilizopo. Mwingine anasema waifai inatosha. Bandani umeme upo tayari kwa ajili ya taa za vifaranga, na nguzo ya geti ina taa. Nani ametumia, na yamemkuta yapi?

FundiNjiro

Pole sana dada, na mama mpe pole yake.

Adapta hizo nimefunga nyumba kadhaa na ninaziheshimu, zikiwekwa mahali pake. Moja unaichomeka karibu na ruta na kuiunganisha kwa kebo fupi ya mtandao, nyingine inakaa kwenye kamera. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, hezi 50. Data inapita kwenye waya uleule lakini kwa masafa ya juu mno, kuanzia megahezi 2 hadi 28 kwa zile za kiwango cha HomePlug AV, na za kiwango cha AV2 zinafika 86. Kwa hiyo umeme na data haviingiliani.

Namba ya kwenye boksi usiitegemee. Ikiandikwa megabiti 600 au 1000 kwa sekunde, ni hesabu ya maabara inayojumlisha kwenda na kurudi, na nyingi za 600 hata mlango wake wa kebo ni wa megabiti 100 tu. Nyumbani kwa mtu napima 30, 50, nikibahatika 80. Lakini kamera ya 1080p inayotumia H.265 (njia ya kubana video) inakula kama megabiti 2, tuseme 4 kukiwa na pilikapilika. Hata ukibaki na 20, kamera zako mbili zinapita bila shida.

Sasa nijibu haya kabla ya kununua chochote. Nyumba ina fezi moja au tatu? Banda limevutwa kutoka DB (boksi la kugawa umeme) ya nyumba au lina luku yake? Na taa ya geti, swichi yake iko wapi?

MamaVifaranga

Fezi tatu. Marehemu baba alikuwa na mashine ya kusaga pale nyuma, aliomba umeme mkubwa na haukubadilishwa. Banda linatoka DB ya nyumba. Taa ya geti swichi yake iko koridoni, mama anaizima kila asubuhi akiamka kusali.

FundiNjiro

Basi majibu mawili umeshajipatia mwenyewe.

Getini sahau adapta. Mama akizima taa asubuhi, waya wa nguzo hauna umeme, na kamera imezimika nayo. Utamwambia asizime, ataacha siku mbili, ya tatu atazima kwa mazoea.

Bandani shida ni fezi. Ndani ya DB kila fezi ina njia yake. Ruta ikiwa kwenye fezi moja na banda kwenye nyingine, adapta hazionani, au zinaonana kwa mbali tu kwa sababu nyaya zimelala pamoja kwenye bomba moja. Azima adapta mbili ujaribu kabla ya kununua. Zichomeke moja kwa moja ukutani: ukipitishia kwenye ekstensheni yenye kinga au kile kigadi cha friji, kinachuja masafa na data inakufa hapohapo.

DadaWaKijenge

Kuhusu waifai nina la kusema, maana nilianza nayo. Nipo Kijenge ila kwetu ni Kibosho. Nilifunga kamera mita 30 hivi kutoka kwenye nyumba, ikitazama njia ya kuingilia shambani, katikati kuna migomba. Januari nilikuwa naona hadi ukwato wa mbuzi. Aprili, masika yamekolea, picha ikaanza kuganda. Nikabadilisha ruta, nikabadilisha kamera. Siku moja nikaja mvua imekatika, jua limetoka, saa sita mchana picha imerudi safi. Jioni ikanyesha, ikaganda tena. Ni migomba. Jani pana lililoshika maji linanyonya mawimbi ya waifai kama sponji, na gigahezi 5 ndiyo inaumia zaidi kuliko 2.4.

Dada MamaVifaranga, kati ya jikoni na banda kuna migomba? Na banda ni la bati? Bati ni ukuta kwa waifai. Kamera ikikaa ndani ya banda, usitegemee ruta ya sebuleni.

MamaVifaranga

Migomba mashina kama ishirini. Banda ni bati juu, chini wavu.

KijanaUsaRiver

Mbona hakuna aliyetaja kamera ya sola yenye laini ya simu? Ninayo shambani Usa River, hakuna waya hata mmoja. Inalala mpaka ihisi joto la mtu au mnyama, ndipo inaamka, inarekodi sekunde kadhaa na kunitumia taarifa. Kigezo ni bando. Ukiitazama mfululizo kwa megabiti 2, siku nzima ni kama GB 21, hakuna anayemudu. Ukiiacha ifanye kazi kwa matukio tu, inakwenda vizuri. Udhaifu wake: inachelewa kuamka. Mtu anayepita haraka unamwona mgongo. Na wiki za mawingu ya Julai, mlima hauonekani siku nne, paneli ndogo inashindwa kujaza betri.

Kwa geti lenye pevingi ningechagua hiyo. Kwa banda, hapana, kuku wenyewe watakuwa wanaiamsha usiku kucha.

MzeeWaKisongo

Mwanangu MamaVifaranga, nimesoma yote, na naona swali moja hamjaligusa. Umeme ukikatika?

Adapta zote mbili zinakula umeme wa ukutani. Umeme ukienda, zimezimika, hata kama ruta yako ina betri. Ukiwa na inveta, ni lazima banda nalo liwe upande wa inveta, na inveta za bei ndogo zina kelele kwenye waya zinazoharibu data. Mimi kwangu niliibiwa wakati wa giza. Nilikuwa na kamera nne za waifai zilizochomekwa kila moja kwenye soketi yake. Sikupata hata picha moja.

Sasa natumia Cat6 na PoE. Kebo moja inabeba umeme na picha pamoja, volti 48 hivi, kiwango cha kawaida cha 802.3af kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila mlango, na urefu usizidi mita 100. Uzuri wake ni huu: swichi ya PoE (kiboksi kinachogawa mtandao na umeme kwenye kebo) inakaa ndani ya nyumba pamoja na ruta, vyote juu ya betri moja. Kamera mbili wati 10, swichi 5, ruta 10: wati 25. Betri ya volti 12 ya saa-ampea 40 ni wati-saa 480. Usiimalize, tumia nusu, na ukitoa kinachopotea njiani utapata karibu saa nane. Usiku mzima.

Kwako wewe mita 38 za bustani ni kazi ya siku moja ya jembe. Huvunji pevingi hata moja.

Jambo la kebo: sokoni kuna Cat6 ya shaba tupu na kuna ya alumini iliyopakwa shaba. Zinafanana kabisa. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha. Kwa PoE ya mbali ile ya alumini inapoteza umeme njiani, kamera inawaka mchana na kuzimika usiku taa zake za infraredi zinapowaka.

FundiNjiro

Mzee, shikamoo. Hapo kwenye umeme kukatika sina ubishi. Naongeza tu: kebo inayotoka nyumba moja kwenda jengo lingine iwekewe kinga ya radi iliyofungwa ethi (waya wa kwenda ardhini). Masika ya Moshi yana radi, na kebo ndefu ya nje huleta chaji hadi kwenye ruta.

DadaWaKijenge

Na chochote utakachochagua, badili nywila ya kiwandani siku hiyohiyo. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na DVR (mashine za kurekodi picha za kamera) nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Adapta za umeme nazo: bonyeza kile kitufe cha kuziunganisha ili zipate ufunguo wao, maana kutoka kiwandani zinatumia ufunguo mmoja wa wote, na jirani wa fezi moja na wewe anaweza kuingia. Kamera ya geti uielekeze kwenu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na hata bila sheria, kumrekodi jirani akianika nguo si vizuri.

MamaVifaranga

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilishuka Jumamosi na adapta mbili za kuazima.

Sebuleni hadi jikoni taa ya kijani mara moja. Nikaenda bandani, nikachomeka kwenye soketi ya taa za vifaranga, nikasubiri. Taa ya umeme imewaka, ya mtandao hakuna. Dakika kumi, hakuna. Nikamwita fundi mwenye leseni, akazima mein swichi, akafungua DB: banda liko fezi nyekundu, sebule iko bluu. Akapiga hesabu ya mzigo, akaona hautazidi, akahamisha waya wa banda kwenda bluu. Kuwasha tu, taa ya mtandao ikaja, rangi ya chungwa. Programu ya simu ikasoma megabiti 47. Nilifurahi, nisiwafiche.

Mama akawasha pampu mpya ajaze simtanki. Nikaangalia simu: 47 ikashuka 31, ikashuka 19, ikatulia hapo. Pampu ilipozimwa ikapanda tena hadi 44. Picha ya kamera haikukatika hata mara moja, kama FundiNjiro alivyosema. Chaja moja ya simu ya bei rahisi kwenye soketi ya jirani ilishusha hadi 12, nikaihamishia kwenye tundu la adapta yenyewe, lile lenye kichujio, ikarudi 40.

Saa moja na nusu jioni umeme ukakatika. Skrini ikawa nyeusi. Tulikuwa tumekaa mimi na mama, na akasema, "Si ndiyo saa yao hii?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo banda nimelipa Cat6 ya shaba, nimeikwangua mwenyewe dukani mbele ya muuzaji. Vijana wawili wamechimba kuanzia asubuhi, kina cha mkono mmoja, kebo ndani ya bomba la plastiki, na tumekwepa mizizi ya migomba. Swichi ya PoE na ruta ziko juu ya betri kabatini. Kadi ya GB 128 ndani ya kamera inatunza siku tano hivi. Adapta nimezinunua hata hivyo: moja ipo chumbani kwa mama, kuta za kule waifai haipenyi, na sasa anaona banda kwenye runinga akiwa kitandani. Umeme ukikatika runinga inazimika, ila kamera inaendelea kurekodi, na mimi naiona huku.

Geti bado. Naelekea kwenye ile ya sola ya KijanaUsaRiver, ngoja mshahara.

Swali dogo la mwisho: usiku kamera inanitumia taarifa kila dakika chache na nikifungua naona kitu cheupe kinapitapita mbele, kama uzi.

FundiNjiro

Huyo ni buibui, dada. Wadudu wa usiku wanamvuta buibui, na utando wake ukitikiswa na upepo karibu na lenzi kamera inadhani ni mtu. Mama apitishe ufagio mkavu kuzunguka kamera mara moja kwa wiki, asiguse kioo. Ukishuka Jumamosi, funga taa ndogo ya kawaida mita mbili pembeni, wadudu watahamia huko.