Naombeni ushauri: mtoto mdogo na rangi ndani ya nyumba

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa nyie wenye watoto wadogo. Mwanangu hajafika miaka miwili na anapenda rangi balaa, akiona brashi tu anaanza kurukaruka, na mimi natamani sana achore kwa sababu akianza anatulia, anaongea mwenyewe na rangi zake hadi raha. Shida ni sehemu. Tuko Mbeya, huku Uyole, na mwezi huu wa saba baridi la asubuhi si la kumtoa mtoto nje, kwahiyo tunachorea sebuleni kwenye nyumba ya kupanga, kuta nyeupe, na kapeti siwezi kulitoa maana sakafu ni ya baridi mno. Nikitandika turubai anatoka nje yake na mikono yote imejaa rangi anaenda kushika pazia. Nguo namvalisha tisheti kuukuu ya baba yake, hapo niko sawa. Ila kumvua nguo zote achore kama wengine wanavyoshauri kwa baridi hii hapana, na kumwogesha kila akimaliza naogopa mafua.

Halafu anaweka vidole mdomoni, kwahiyo rangi za dukani nimeacha, nachanganya unga wa ngano na maji ya biturutu. Manjano nayo rangi yake nzuri ila ikigusa kitambaa haitoki kirahisi.

Mnawazuiaje wasitoke kwenye turubai bila kuwagombeza? Nimefikiria kumweka ndani ya beseni kubwa la kufulia na karatasi zake, kuna aliyejaribu? Na ukutani mnafutia nini bila kubandua rangi ya mwenye nyumba?