Ati "hapo buni tu, si jazi?" Yule muuza nota kanimaliza

Wakuu, leo salamu sina. Mikono inatetemeka.

Yule muuza nota mnamjua, yule wa "nina kila kitu, wewe sema tu". Huyo huyo. Nimemlipa anitumie zile etudi nane, yaani vipande vya mazoezi ya piano, za Kapustin, yule mtunzi wa piano yenye ladha ya jazi, Opus 40. Faili likaingia, nikakimbilia ya tatu, Toccatina, niliyokuwa naiota usiku. Nafungua: mstari wa chini umekatwa! Kurasa nzima nzima mkono wa kulia unakimbia peke yake kama kuku aliyeponyoka, wa kushoto umekaa mapajani unasubiri kuitwa. Ukurasa wa mwisho ndio kabisa, kuna gumba la aliyeskani. Gumba! Limelala juu ya nota, hadi kucha unaiona.

Namuuliza kwa adabu, bwana, besi iko wapi? Ananijibu: "Hapo buni tu, si jazi?"

BUNI TU. Kapustin huyu huyu! Mtu kaandika kila nota mwaka 1984, hata zile zinazosikika kama zimemponyoka vidoleni papo hapo. Mwenyewe alisema hakuwahi kuwa mwanamuziki wa jazi! Sijala tangu jana. Nikifumba macho naliona gumba. Buni tu, ati.

KidoleSumaku: Yaani umenunua mali ya wizi halafu unalia imekatwa mkono? Kitabu hicho wachapishaji Schott wanakichapa, kinauzwa wazi.

Mtoa mada: Sikuuliza hilo mkuu. BUNI TU!!

PedaliMbovu: Mzee Kapustin kafariki 2020. Kwa nchi ambazo hakimiliki ni miaka 70 baada ya kifo, cha bure utakipata 2091. Vuta kiti.

NotaMoja: Shukuru umepewa hata huo mkono mmoja. Mie mwalimu wangu hataki kumsikia Kapustin, ati nimalize yale mazoezi ya vidole ya Czerny kwanza. Mwaka wa tatu huu namaliza Czerny.

PedaliMbovu: Czerny haishi ndugu yangu. Czerny unarithisha.

BesiNzito: Afadhali nyie. Mie nasomea kwenye tableti, nikikohoa tu inaruka kurasa mbili.

Mtoa mada: Jamani, gumba!

KidoleSumaku: @BesiNzito hiyo ya kwako inaruka, yangu inazima katikati ya wimbo, tena mbele za watu.

NotaMoja: Huo muda inawaka si ungebuni tu.

BesiNzito: 😂😂 Haya, nani ana tableti isiyozima?