Timu za vyuo vikuu zitolewe kwenye ligi za klabu ama zipigwe jeki?

Mshika Kibendera
Niseme mapema: mimi ni wa Mean Machine, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu nikiwa chuoni na sihami. Lakini hali ya timu zetu za vyuo miaka hii haitazamiki. Machine iliingia Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya klabu, mwaka 1977 na kulibeba kombe msimu huo huo wa kwanza. Leo inapanda na kushuka kati ya Kenya Cup na Championship, daraja la chini yake, hadi watu wameacha kuuliza iko wapi. Blak Blad ya KU, Monks wa Catholic, MMUST, Cougars wa JKUAT, wote hadithi ni moja: msimu huu wanatisha, ujao wanachapwa hadi ubao wa alama unaona haya. Leos wa Strathmore ndio angalau hujikaza, na msiniambie hao ndio kipimo, karo ya pale sote tunaijua.

Pendekezo langu: vyuo vitoke ligi ya klabu, vipewe ligi yao ya Jumamosi, ionyeshwe kwenye runinga. KCB na Kabras, timu za benki na kiwanda cha sukari, ziachwe zigongane zenyewe kwa zenyewe. Mnaonaje?

Leo wa Madaraka
Umeandika vizuri, ukaharibu na sentensi moja tu. Karo imeingiaje hapa? Karo ndiyo inasukuma skramu, lile rundo la kusukumana uwanjani? Mimi nilisomea pale kwa mkopo wa HELB na hadi leo nakatwa mshahara. Tunabaki juu kwa sababu ukikosa mazoezi hupangwi, awe mtoto wa nani. Nyinyi mnaishi kwa kombe la 1977, wakati wachezaji wenu wa sasa hata wazazi wao walikuwa hawajajuana.

Mshika Kibendera
Imeuma, eeh? Sijasema karo inasukuma skramu. Karo inajenga jimu, jimu inajenga shingo, na shingo ndiyo inasukuma skramu. Hesabu ndogo tu hiyo.

Leo wa Madaraka
Basi chuo chenu chenye maelfu na maelfu ya wanafunzi kikose jimu? Muulizeni mkuu wa chuo, msiniulize mimi.

Mama Floodlit
Wanangu, tulieni. Sisi tulioenda Impala Floodlit, mashindano ya raga ya usiku, enzi hizo tunajua raga ya vyuo ilikuwa nini. Usiku, baridi ya Ngong Road, taa zimewaka, makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo, wamejaa upande mmoja wanaimba matusi hayaandikiki hapa. Hakuna aliyeuliza karo ya mtu. Mkianza kupimana mifuko hamtafika popote.

Kocha Bila Timu
Shida iko kwenye kalenda, wala si mfuko. Ligi ya raga huanza mwaka ukielekea ukingoni, na maandalizi yake ni ile miezi kabla. Sasa kumbukeni 2025: wahadhiri waligoma siku 49, Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Mwanafunzi anafanya nini? Anarudi kwao. Winga yuko Bungoma, nahodha yuko Voi, wewe kocha uko uwanjani na koni zako. Mgomo ukiisha, masomo yanafidiwa kwa haraka na mitihani inawangoja, na Jumamosi una mechi na watu wanaolipwa kwenda jimu.

Na hizo jezi. Chuo nilichofunza sikitaji. Seti ilikuwa moja, kwa hiyo mchezaji akitoka anavua pale kando ya mstari, anayeingia anaivaa ikiwa imelowa jasho na matope. Siku moja winga aliingia na nambari 3 mgongoni, jezi ya jitu la mstari wa mbele, inampwaya hadi magotini. Wapinzani hawakumkaba, walidhani ni mtu wa skramu amechoka. Akafunga trai. Tulicheka, lakini si jambo la kuchekesha.

Halafu kijana akianza kuiva mwaka wa tatu, simu ya klabu inaingia. Ataenda, na ni haki yake. Timu ya chuo ina kazi ya kulea watu wa wengine. Hata ligi yao wenyewe haitabadilisha hilo.

Chepkoilel Juu
Mnalilia raga wakati timu bora ya chuo kikuu ya Wakenya haiko Nairobi wala Juja. Iko Alabama. Doris Lemngole amebeba mbio za nyika za vyuo vya Marekani mara mbili mfululizo, 2024 na 2025, na Juni 2025 akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:58.15, mwanachuo wa kwanza kushuka chini ya dakika tisa. Nenda New Mexico, Pamela Kosgei alishinda 5,000 na 10,000 mwaka huo huo. Nitajieni mwanaraga mmoja wa chuo aliyefika robo ya hapo. Nangoja.

Leo wa Madaraka
Hao ni wa Alabama na New Mexico, ndugu. Alama zinahesabiwa huko, bendi inapigwa huko, anayepandishwa mshahara ni kocha wa huko. Sisi tunabaki kupiga makofi kwenye simu. Ukikodisha ng'ombe kwa jirani, maziwa ni yake.

Chepkoilel Juu
Umewaita wanariadha wetu ng'ombe?

Leo wa Madaraka
Ni mfano tu. Usinigeuzie.

Chepkoilel Juu
Mfano wako uweke kwenye skramu. Watu wa Bonde la Ufa wamesomesha ukoo mzima kwa hizo mbio unazoziita za kukodishwa. Julius Korir alikuwa Washington State aliposhinda dhahabu ya viunzi na maji Olimpiki ya Los Angeles 1984. Seoul 1988, Paul Ereng wa Virginia alibeba 800 na Peter Rono wa Mount St. Mary's akabeba 1500. Bendera iliyopanda ilikuwa ya nani, ya Virginia? Na Henry Rono kabla yao, rekodi tatu za dunia akiwa mwanafunzi.

Takwimu Haziongopi
Nne. Mwaka 1978, ndani ya siku 81: 10,000, 5,000, 3,000 na 3,000 ya viunzi na maji.

Chepkoilel Juu
Tatu, nne, hoja ni ile ile, na umezidi kunisaidia.

Mwalimu wa Zamu
Mnamtaja Rono kwa rekodi peke yake. Yule bwana baada ya mbio alitumbukia kwenye pombe, akahangaika Marekani miaka na miaka, akifanya kazi za kubangaiza. Alifariki Februari 2024. Chuo kilichopata mataji yake kilimfuata huko? Nauliza tu. Mkiwauzia vijana ndoto ya Alabama, wauzieni na ukurasa huo.

Chepkoilel Juu
Mwalimu, na waliobaki hapa wakatumbukia kwenye pombe ni wangapi? Pitia Iten, mji wa wakimbiaji, jioni. Hilo si la chuo, ni la kukosa mtu wa kukushika mkono mbio zikiisha.

Takwimu Haziongopi
Kwa watu wa raga, niwaachie hili. Rono hakuwahi kukimbia Olimpiki. Mwaka 1976 nchi za Afrika zilisusia Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Mtu aliyeivunja dunia mara nne akakosa michezo yake kwa sababu ya mpira wenu wa yai.

Mshika Kibendera
Hahaha, sasa Machine tunalaumiwa kwa All Blacks! Mwaka 1976 hata hatukuwa tumezaliwa kama timu.

Mtoto wa Musoma
Shikamoo Mama Floodlit. Na nyinyi wengine, habari za huko. Naona Olimpiki ya 1980 mmeiruka kimyakimya. Kenya mlisusia Moscow kumfuata Marekani, sisi Tanzania tukaenda. Suleiman Nyambui fedha 5,000, Filbert Bayi fedha viunzi na maji. Na huyo Nyambui alikuwa mwanachuo wa UTEP kule Texas, akabeba 10,000 ya vyuo miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Kwa hiyo msijifanye hii njia mliichonga peke yenu.

Mama Floodlit
Marahaba mwanangu.

Leo wa Madaraka
Karibu jirani. Na medali nyingine za Olimpiki tangu hiyo 1980 mmezificha wapi?

Mtoto wa Musoma
Nilijua utauliza hilo. Za Olimpiki tuache. Ubingwa wa dunia, Tokyo, Septemba 2025, marathoni ya wanaume: Alphonce Simbu, dhahabu, wa kwanza na wa pili muda mmoja, 2:09:48, picha ndiyo iliamua. Niambie Mkenya wa kwanza alikuwa wa ngapi, nami nitakutafutia hizo medali.

Takwimu Haziongopi
Jukwaani hakuwepo. Mtanzania, Mjerumani, Mwitaliano.

Chepkoilel Juu
Mgeni ametupiga nyumbani kwetu na hakuna wa kumjibu. Leo, umejitakia.

Mshika Kibendera
Tafadhali, swali lilikuwa ligi ya vyuo. Ligi. Ya. Vyuo.

Kocha Bila Timu
Mshika, nakurudishia swali kwa njia ya Marekani maana ndiko mmekwenda. Kule chuo ndicho klabu. Ndiyo maana wana viwanja vya watu elfu themanini na sisi tunabeba jezi moja. Lakini msidhani mlango utabaki wazi vile vile. Juni 2025 mahakama yao iliidhinisha makubaliano kwamba vyuo vinaweza kuwagawia wanamichezo pesa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo mwaka wa kwanza. Nyingi zinaenda kwenye futiboli yao na mpira wa kikapu. Kwa vyuo vilivyoingia mpango huo, timu ya mbio za nyika imewekewa kikomo cha watu 17. Na mtoto wetu aliye kwa viza ya mwanafunzi amefungwa na masharti ya kazi, hizo pesa za matangazo wenzake wanazochuma hazifikii kirahisi. Nafasi chache, wanaozitaka wengi, na Wamarekani wenyewe wameanza kunung'unika kwamba mstari wa mbele wote ni majina ya Kikalenjin.

Leo wa Madaraka
Ndiyo maana nasema tujenge kwetu. Kipchoge alipitia chuo gani cha Marekani? Faith Kipyegon? Hakuna. Na mmesahau mpira wa kikapu: Nairobi City Thunder walipata mwekezaji, wakafika BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, 2025, timu ya kwanza ya Kenya kucheza huko. Hawakuhitaji Alabama.

Kocha Bila Timu
Na Thunder ni chuo?

Leo wa Madaraka
Si chuo, lakini…

Kocha Bila Timu
Asante. Hayo ndiyo yale yale ya KCB na Kabras. Pesa ilienda kwa klabu.

Chepkoilel Juu
Na kwa kila Kipchoge mmoja kuna mamia waliofika Iten na viatu vya mtumba na kurudi makwao bila shahada wala shilingi. Sharon Lokedi alisoma Kansas, akamaliza, akashinda marathoni ya New York 2022 na kuvunja rekodi ya ile ya Boston 2025, 2:17:22. Angeumia goti kesho yake bado ana shahada. Niambieni ubaya uko wapi.

Mshika Kibendera
Sasa hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo! Kijana wa Machine naye hutoka na shahada.

Chepkoilel Juu
Hoja yako ilikuwa runinga na Jumamosi.

Mama Jelimo
Samahani naingilia. Binti yangu yuko kidato cha nne, anakimbia 1500 na 3,000, shule yao imefika kitaifa. Kuna kijana amekuja nyumbani, anasema anaunganisha watoto na vyuo vya Marekani, anataka "pesa ya faili" kabla hajaanza. Baba yake anataka kuuza shamba kidogo. Nifanyeje?

Chepkoilel Juu
Mama, shamba lisiguswe. Makocha wenyewe huandika barua pepe na huuliza vitu viwili: muda wake na matokeo ya mtihani. Bila alama za darasani hata akimbie vipi hawamchukui. Mwambie asome, muda wake uandikwe kwenye mashindano rasmi.

Mwalimu wa Zamu
Na huyo kijana mwombe majina ya wasichana watatu aliowapeleka, uzungumze na mama zao kwa simu. Ukiona anahamahama, mfungulie mlango atoke.

Mtoto wa Musoma
Mama, huku kwetu pia wapo hao wa faili. Pole sana.

Mama Jelimo
Asanteni. Nimempigia baba yake, anasema nimesoma mambo ya mtandaoni. Tutaongea jioni.

Mama Floodlit
Mshika, umeona jinsi watu wanavyomsaidia mama huyu? Wewe hukumjibu Kocha habari ya jezi.

Mshika Kibendera
Mama, jezi nitanunua mimi? Hiyo ni kazi ya idara ya michezo ya chuo.

Leo wa Madaraka
Hapo sasa. Wewe ni Machine "tangu chuoni na huhami". Umewahi kuichangia hata soksi? Kwetu waliomaliza huchanga, ndiyo siri yenyewe, na wewe ulidhani ni karo.

Mshika Kibendera
Unanijua mimi? Unajua nimechangia nini?

Leo wa Madaraka
Sijui. Ndiyo maana nauliza.

Mshika Kibendera
Nitakujibu nikitoka kazini, na nitakuja na risiti.

Takwimu Haziongopi
Tutahesabu.