Toyota IST (injini ya 1NZ-FE) moshi mweusi, mashine ya kupimia inasoma kosa P0172: nianzie wapi?

Mleta uzi
Wakuu, naomba ushauri. Gari ikilala, asubuhi inawaka kwa shida na kutoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli. Trimu ya muda mrefu (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta) ni -27 ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa. Nikipandisha hadi mizunguko 2500 kwa dakika inasogea -9. Plagi tatu ni za kahawia, ya silinda ya 3 ni nyeusi tii, masizi yanashika kidoleni kama ya kibatari. Fundi anataka tununue oksijeni sensa, ile inayopima moshi kwenye ekzosi.

SpanaKumi
Usinunue mkuu. P0172 maana yake sensa imeona mafuta yamezidi na kompyuta inayapunguza. Sensa ndiyo inayopiga yowe, usiigeuze mwizi.

Angalia namba zako. Nozeli (inayopuliza mafuta kwenye silinda) ikivuja inadondosha kiasi kilekile muda wote: sailensi hewa ni kidogo, kosa linaonekana kubwa, ukikanyaga hewa inaongezeka, linamezwa. Ingekuwa presha ya pampu, hata kwenye 2500 lingebaki. Plagi moja nyeusi inakuelekeza kwenye nozeli ya 3.

Funga geji ya presha ya mafuta: injini ikiwa inawaka isome kPa 304 hadi 343. Zima, subiri dakika 5. Ikiwa chini ya 147 kuna uvujaji, ila vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi tangini nayo huleta dalili hiyo. Kwa hiyo hamishia nozeli ya 3 kwenye silinda ya 1, safisha plagi, endesha siku mbili. Weusi ukihama nayo, nunua nozeli.

MzeeWaGereji
Kabla ya kufungua reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli), injini ikiwa inawaka kata umeme wa pampu, acha injini izimike yenyewe, kisha toa negativu ya betri. Oringi (pete za mpira) za nozeli ziwe mpya na uzipake petroli. Zikiingia kavu zinachanika.

Nusa pia kijiti cha oili. Kikinuka petroli, mwaga oili siku hiyohiyo. Mvuke wake unarudi injini kupitia vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili uchomwe), utabadilisha nozeli na trimu ibaki hasi vilevile.

Mleta uzi
Geji imeshuka hadi 90, na kijiti kinanuka. Halafu themostati (vali ya maji ya kupoza injini) ilishatolewa, ina madhara?

SpanaKumi
Tena makubwa! Ya 1NZ hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Bila hiyo maji hayapati moto barabarani, na kompyuta inaongeza mafuta ikidhani injini bado baridi. Irudishe. Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kompyuta wa mafuta) dakika moja ili isahau trimu ya zamani, pasha injini, usome trimu upya: ikikaa kati ya -10 na +10, funga boneti.